Nimelipia chaneli za michezo mwaka wa tatu sasa, leo napima mahojiano ya baada ya mechi tu

Nyota 2 kati ya 5, na naomba msome mpaka chini kabla hamjasema naonea, manake matangazo yenyewe ya mechi sina shida nayo kabisa, picha kali, sauti safi, haikatikikatiki, wachambuzi wanajua kazi yao. Ninachopima hapa ni kile kipande kinachokuja filimbi ya mwisho ikishapulizwa, yaani mahojiano. Kifurushi ninacholipia kinayanadi kama kitu cha pekee, kwenye tangazo lao wanasema utawasikia mastaa kabla ya mtu mwingine yeyote, na ni kweli unawasikia kwanza, ila unawasikia katika hali ambayo mi naona sio haki kwao na sio haki kwetu tunaolipa.

Nianze na langu. Mwaka mzima wa kwanza mi nilikuwa kwenye kundi la kusema fulani hana adabu, fulani ana nyodo, fulani pesa zimempanda kichwani. Apu yao inakutumia klipu fupi fupi kwenye simu, sekunde kama kumi na tano hivi, mchezaji kanuna, kajibu neno moja, kageuka kaondoka, na juu yake wameandika maneno ya kuchochea kwa herufi kubwa. Nilikuwa nazishea kwenye magrupu na maneno makali naongezea mwenyewe. Siku moja nikafungua rikodi kamili ya mahojiano ya dada mmoja wa tenisi ambaye asubuhi yake nilikuwa nimeshamsema vibaya sana, nikakuta kwenye ile klipu swali limekatwa. Halikuwa swali la kwanza hata, lilikuwa la tatu mfululizo kuhusu mwili wake na nguo zake, mawili ya kwanza aliyajibu vizuri tu tena kwa utulivu, la tatu ndo akajibu kwa mkato. Sisi tukaonyeshwa lile jibu la tatu peke yake. Niliumia kwa kweli, nikaenda kufuta nilichoandika lakini watu walikuwa wameshakisambaza. Tangu hapo nikawa naangalia rikodi kamili kila ninapoona mtu anatukanwa mitandaoni kuwa ni mjeuri, na hii tathmini imetokana na huko.

Kwa wasiojua, hayo mahojiano yana ngazi tatu. Kuna yale ya papo kwa papo pembeni ya uwanja au pembeni ya njia ya kukimbilia, mtu bado anahema, nyuma yake kuna ubao wa wadhamini. Kuna ule ukanda wa kupitia, wachezaji wanapita pembeni ya uzio wanahojiwa na mmoja baada ya mwingine, kwanza televisheni zilizonunua haki za kuonyesha, halafu redio, halafu waandishi wa magazeti. Halafu kuna mkutano na waandishi, mtu kakaa kwenye kiti, ana chupa ya maji mbele yake. Ukiangalia zile klipu za "mchezaji kakosa heshima" utakuta nyingi sana zinatoka kwenye ngazi ya kwanza. Mtu ni yuleyule, ila mpe nusu saa aoge, aongee na mwenzie, ale ndizi, halafu umuulize kitu kilekile, utaona anavyokujibu.

Mi nilikimbia mita 800 nikiwa chuoni, sio kwa kiwango cha kutajika lakini nilifika fainali. Ukimaliza mita 800 miguu inawaka, koo inaonja kama umelamba chuma, masikio yanaziba, mtu anaongea na wewe unamuona midomo tu. Nilimaliza wa nne, medali imepita mbele ya macho yangu kwenye mita kumi za mwisho, na kabla sijainuka kijana mmoja wa redio ya chuo ananiwekea kinasa sauti mdomoni ananiuliza najisikiaje kukosa medali. Nilimwambia aniondokee. Basi, maneno mawili. Kwa wiki nzima nilikuwa naitwa dada mwenye kiburi na mama yangu akapigiwa simu na shangazi kuulizwa huyu mtoto kawaje. Yule kijana nilimtafuta mwenyewe baadae nikamwomba msamaha na tukaongea vizuri karibu lisaa limoja, alikuwa na maswali mazuri sana kumbe, alitumwa tu awahi. Kwa hiyo ninapoongelea hili jambo siongelei kwa kusikia.

Sasa turudi kwenye huduma. Kitu kinachoiangusha zaidi ni muda. Mkumbuke Per Mertesacker Kombe la Dunia 2014 kule Brazil, Ujerumani wametoka kucheza dakika 120 na Algeria, wameshinda 2-1, mtu kavuja jasho mpaka basi, swali analopokelewa nalo ni kwanini timu imecheza kizito hivyo. Akamjibu ripota kwa hasira kwamba unataka nini kutoka kwangu, tumeingia robo fainali, akasema anaenda kukaa kwenye pipa la barafu siku tatu halafu ndo watachambua mechi. Watu walimshangaa sana. Mi leo nikiyarudia naona ni mtu aliyeulizwa swali la studio akiwa bado yuko vitani. Na Ujerumani ndo walikuja kuchukua kombe lile. Na Toni Kroos vilevile, fainali ya Ligi ya Mabingwa 2022 pale Paris, Real Madrid wamempiga Liverpool 1-0, Kroos kabeba kombe hilo kwa mara ya tano maishani mwake, ripota wa kwao Ujerumani anamuuliza kama hakushangaa Real kubanwa namna ile. Kroos akamwambia ulikuwa na dakika 90 za kufikiria maswali ya maana ukaja na haya, akaondoka. Lugha aliyotumia ilikuwa chafu, sitetei lugha. Lakini hoja yenyewe, jamani, dakika 90 ni nyingi. Mi ninayelipa nataka ripota azitumie.

Richard Sherman wa Seattle, mpira wa Kimarekani ule wa kushika kwa mikono, ndo anayenisikitisha zaidi. Januari 2014, mechi ya kuamua nani aende Super Bowl, yaani fainali yao kuu, yeye ndo kaugusa mpira wa mwisho uliokuwa unaenda kwa Michael Crabtree wa San Francisco, mpira ukadakwa na mwenzie, mechi imekwisha, na muda mfupi tu baadae maiki iko mbele yake hapohapo uwanjani. Akapiga kelele, akajisifu kuwa yeye ndo beki bora, akamponda Crabtree. Usiku huohuo akaitwa majina mabaya ambayo mengine yalikuwa ya kibaguzi kabisa. Huyu ni mtu aliyemaliza Stanford, shahada yake ni ya mawasiliano, kuongea anajua vizuri sana, na baadae aliomba radhi kwa kumshambulia mtu mmoja na kuwaibia wenzie sifa zao. Ukimchukua mtu mwili wote umejaa adrenalini unamuweka hewani moja kwa moja unategemea nini? Na televisheni zinajua, ndo maana maiki inawahi hivyo, manake wanachokitafuta ndo hicho cha kutrendi. Halafu akishalipuka sisi nyumbani ndo tunamlaumu yeye peke yake.

Maswali sasa. "Unajisikiaje" nimeyahesabu jioni moja ya riadha, mara kumi na moja, kwa watu kumi na moja. Hilo linachosha tu, kuna mengine yanaumiza. Sochi 2014 Bode Miller kapata shaba kwenye mashindano ya kuteleza kwenye theluji, mdogo wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akamtaja mwenyewe kidogo, ripota akaendelea kuuliza, akauliza tena, na tena, mpaka mtu akainama analia na kamera haikuondoka. Watu wakamshambulia ripota na Miller mwenyewe akamtetea, akaomba watu wasimlaumu kwani hakuwa na nia mbaya. Hebu mnioneshe adabu kubwa kuliko hiyo. Na Mo Farah je, 2013 kashinda nusu marathoni ya New Orleans, miezi michache tu baada ya dhahabu zake mbili za London, mita 5000 na mita 10000, mtangazaji akamuuliza kama ameshawahi kukimbia kabla ya hapo. Akamjibu kistaarabu tu kuwa ndio, nusu marathoni ameshakimbia. Mi ningeondoka. Eugenie Bouchard wa tenisi, 2015 Australian Open, katoka kushinda mechi anaombwa mbele ya uwanja mzima azunguke watu waione nguo yake, na akazunguka, kwa aibu, na baadae watu wengi tu waliona lile ombi halikuwa sawa. Angekataa mnadhani angeandikwaje?

Ndo maana Andy Murray wa tenisi, yule wa Wimbledon 2017, nampenda mpaka kesho. Katoka kufungwa na Sam Querrey, nyonga inamuuma, amekaa pale kanyong'onyea, mwandishi anaanza swali kwa kusema Querrey ni Mmarekani wa kwanza kufika nusu fainali ya shindano kubwa tangu 2009, Murray anamkatisha, mwanaume wa kwanza. Wanawake wa Marekani akina Serena walikuwa wanabeba makombe miaka yote hiyo. Wapo waliosema kamkatisha mwandishi vibaya. Mi naona kasahihisha uongo, na mtu aliyefungwa siku hiyohiyo akili yake ikawaza heshima ya wengine, hiyo ndo adabu yenyewe hata kama sauti ilikuwa kavu.

Jambo jingine ambalo kwenye kifurushi changu halielezwi kabisa ni kwamba wachezaji wengi hawaji pale kwa hiari. Ni lazima. Naomi Osaka wa tenisi, 2021 kule Ufaransa, alisema mapema kwamba hatafanya mikutano na waandishi kwa ajili ya afya ya akili, akashinda mechi ya kwanza, akapigwa faini ya dola 15,000, waandaaji wa mashindano manne makubwa wakatoa onyo kwamba akiendelea anaweza hata kufukuzwa, akajitoa mwenyewe, akaeleza kuwa amekuwa na sonona tangu 2018. Marshawn Lynch wa Seattle alishatozwa dola 100,000 mwaka 2014 kwa kutoongea na waandishi, kwa hiyo kabla ya Super Bowl ya 2015 akaja akakaa na kila swali akajibu yupo pale ili asipigwe faini, mara 29. Wengi walicheka au walikasirika. Mi naomba mtu aniambie ni kazi gani nyingine unatoka umechoka, umeumia, umeshindwa mbele ya watu wote, na unakatwa mshahara usipotabasamu. Serena Williams 2015 katoka kumfunga dada yake wa damu Venus, robo fainali ya US Open, anaulizwa mbona hutabasamu. Akasema wazi kuwa ni saa tano na nusu usiku, anatamani awe kitandani na kesho anaamka mapema mazoezini, na hapo hapendi kuwepo. Sioni ukorofi pale, naona ukweli.

Na hata mkutano wenyewe unapangwa vibaya wakati mwingine. Cam Newton 2016 baada ya kupoteza Super Bowl 50 aliondoka kwenye kiti baada ya dakika chache sana, kila mtu akasema mtoto huyo hajui kushindwa. Wapinzani walikuwa wanahojiwa karibu yake, anasikia wanavyoeleza walivyombana. Hivi pazia na meza mbili ndo zinamshinda nani.

Hapa lazima niseme pia, manake najua mtaniuliza. Jeuri ya kweli ipo. Mchezaji anayemdhalilisha ripota mgeni mbele ya wenzie, anayemcheka lafudhi, anayemjibu dada wa habari kwa maneno ambayo kwa kaka hawezi kuyatoa, huyo simtetei na uchovu hauhusiki, nimeshawaona wakifanya hivyo hata wakiwa wameshinda. Tofauti naiona hivi, mtu aliyebanwa anajibu swali kwa ukali, mtu mjeuri anamshambulia anayeuliza. Ukiangalia rikodi nzima unawatofautisha kwa dakika mbili tu. Ukiangalia klipu huwezi.

Na lugha, hiki kipande kinanigusa sana. Wakimbiaji wengi wa Afrika Mashariki wanatoka mbio ndefu wanahojiwa kwa Kiingereza hapohapo, mtu ambaye kwa Kiswahili angekupa hadithi ya kilomita ya 35 mpaka ukamuona anavyopanda kile kilima, anaishia kusema nashukuru, nimefurahi, hali ya hewa ilikuwa nzuri. Watangazaji studio wanasema ni mpole au ni mkimya, kuna mmoja nilimsikia anasema ni mkavu. Sio mkavu! Kwenye kifurushi chenye wateja wote hawa wa Kiswahili kuweka mkalimani mmoja kwenye ule ukanda wa kupitia sio kitu cha ajabu, wanasoka wa Hispania na Brazil wanawekewa kila wiki. Halafu watu wana malezi tofauti. Kimi Räikkönen wa Ufini, bingwa wa mbio za magari za Formula 1 mwaka 2007, majibu yake yalikuwa mafupi kama ya mtu anayelipia kila neno na wala hakuwa anamdharau mtu, ndo anavyoongea. Wanamieleka wa sumo Japani wanahojiwa wanahema bado na wanajibu kwa sentensi mbili tatu za chini chini, kwa sababu kule mshindi akijitapa ndo kakosa heshima. Anayetoka kwenye utamaduni wa kuongea sana akiwaangalia hawa anaona wamenuna.

Nyota mbili nilizotoa ni za kweli, sijazitoa kwa huruma. Kuna siku hiki kipande kinakupa kitu ambacho mechi yenyewe haiwezi kukupa. Fu Yuanhui wa China, Rio 2016, anatoka majini kwenye mita 100 za kuogelea kinyumenyume anaongea akidhani kakosa, ripota anamwambia umepata medali ya shaba, uso ule siwezi kuusahau. Siku chache baadae timu yao ikakosa medali kwenye mbio za kupokezana, akaonekana ameinama kwa maumivu, akasema mbele ya kamera kuwa yuko kwenye hedhi na wala hakuitumia kama kisingizio, akasema hakuogelea vizuri na akawaomba wenzie radhi. Usain Bolt London 2012 alikatisha mahojiano na televisheni ya Hispania kwa sababu wimbo wa taifa wa Marekani ulikuwa unapigwa, akasimama kimya mpaka ukaisha akarudi kuendelea. Na Lewis Hamilton wa Formula 1, Abu Dhabi 2021, ubingwa umemponyoka kwenye mzunguko wa mwisho kabisa kwa namna ambayo mpaka leo watu wanabishana, na bado alisimama mbele ya maiki akampongeza Max Verstappen na timu yake, akaishukuru timu yake, akaenda zake. Aliyemhoji alikuwa Jenson Button, dereva mwenzie wa zamani, bingwa wa 2009, aliyewahi kukaa naye timu moja. Aliuliza taratibu, maswali machache, akamuacha aende. Hiyo haikuja kwa bahati, waliweka mtu anayejua ule muda ukoje. Mi naamini tungekuwa na watu wa aina hiyo kila pembeni ya uwanja nusu ya hawa tunaowaita wajeuri tungewasahau kabisa.

Kwa anayefikiria kulipia kwa ajili ya mahojiano: ya papo kwa papo rukeni, zimeni sauti mkatafute maji ya kunywa. Ingieni kwenye sehemu ya rikodi kamili za mikutano na waandishi, iko chini kabisa kwenye menyu, wameificha na inachelewa kupanda mpaka masaa manne, lakini ndo kitu pekee kinachostahili hela humo. Arifa za klipu zizimeni kwenye mipangilio, ukizima moja tu haitoshi, ziko sehemu mbili, zima zote.

Mwezi uliopita niliwaandikia kwenye fomu ya maoni. Niliomba matatu, kila klipu iwe na swali lake, mchezaji apewe angalau dakika kumi kabla ya maiki kama ligi nyingine zinavyoacha watu wapumue kwanza, na mkalimani wa Kiswahili kwenye riadha. Wamenijibu kwamba wamepokea. Wiki hii kwenye klipu mbili nimeona swali limewekwa mwanzoni, moja ya straika aliyekosa penalti, ripota anamuuliza nini kilipita kichwani mwake alipokuwa anarudi katikati, na yule kijana kafikiria kidogo, kamjibu kwa sentensi sita nzima na akamshukuru kwa kumuuliza. Nimeirudia mara tatu.